Pilipili manga: shina zuri hupatikanaje?

Mkulima wa mahindi akikosea mbegu, hasara yake ni ya msimu mmoja. Mkulima wa pilipili manga hana nafuu hiyo. Mche anaoupanda leo utaanza kumpa mavuno ya maana baada ya miaka mitatu au minne, na ukitunzwa vizuri unaweza kukaa shambani miaka 20 na zaidi. Akipanda shina baya, atalipalilia, atalipunguzia kivuli na kulipandia ngazi miaka yote hiyo kwa mavuno ya kiganja.

Katika maeneo yanayolima zao hili nchini Tanzania, kuanzia Amani na vijiji vingine vya Muheza, milima ya Uluguru mkoani Morogoro, hadi Unguja na Pemba, miche mingi hutoka kwa jirani. Mtu anapita kwa mwenzake, anakata kipande, anakwenda kukichomeka chini ya mfenesi wake. Hakuna ubaya kuomba mche kwa jirani. Tatizo ni kwamba mara nyingi hakuna anayeuliza kipande kimekatwa kwenye shina gani, na sehemu gani ya shina hilo.

Makala hii inaeleza jinsi watafiti wanavyopata aina bora za pilipili manga, kwa nini kazi hiyo huchukua miaka mingi, na sehemu ipi ya kazi hiyo mkulima anaweza kuifanya mwenyewe bila maabara.

Mmea wenyewe na tabia zake

Asili ya pilipili manga ni misitu ya milima ya Western Ghats, kusini-magharibi mwa India, hasa katika jimbo ambalo leo linaitwa Kerala. Biashara yake na pwani yetu ni ya zamani sana, na jina lenyewe linatukumbusha hilo. Manga ni jina la zamani la Kiswahili la nchi ya Waarabu, hasa upande wa Maskati, kwa hiyo watu wa pwani waliipa pilipili hii jina la kwao walioileta. Mwaka 1498 Vasco da Gama, akitafuta njia ya bahari ya kufikia viungo hivi, alipata rubani Malindi wa kumvusha hadi Calicut, mji ambao sasa unaitwa Kozhikode. Huko Kozhikode tutarudi baadaye, kwa sababu nyingine.

Pilipili manga haina undugu na pilipili hoho wala pilipili kichaa. Hizo asili yake ni bara la Amerika. Hii ni mmea unaotambaa, unaojishikiza kwenye mti kwa mizizi midogo inayotoka kwenye kila kifundo.

Maua yake ni madogo mno, hayana rangi ya kuvutia nyuki. Yamepangwa kwenye kichala kinachoning'inia, na kichala kimoja kinaweza kubeba maua zaidi ya 50, hata kupita 100 kwa aina nyingine. Mashina ya mwituni kwa kawaida yana jinsia moja moja, hili dume na lile jike, kama ilivyo kwa mipapai. Yale tunayolima yamechaguliwa na wakulima kwa karne nyingi, na mengi yana maua yenye sehemu ya kike na ya kiume pamoja. Hapo ndipo ilipo tofauti kubwa ya mavuno. Shina ambalo maua yake mengi ni ya kike tu hufunga punje chache, na kichala chake huonekana kama mdomo wenye mapengo.

Jambo jingine la kujua ni kwamba sehemu ya kike ya ua huwa tayari siku kadhaa kabla ya sehemu ya kiume kumwaga chavua, yaani ule unga wa uzazi. Chavua hiyo husafirishwa zaidi na matone ya mvua na umande yanayotelemka kutoka juu kwenda chini. Mvua ikikatika ghafla wakati wa maua, vichala hutoka na mapengo hata kwenye shina zuri. Kwa hiyo mapengo ya mwaka mmoja wa ukame yasikufanye ulihukumu shina.

Sasa kuhusu mbegu. Ukiotesha punje za shina moja zuri sana, hutapata mashina yanayofanana na mama yao. Utapata mchanganyiko: moja lina vichala virefu, jingine vifupi, jingine dume lisilozaa kabisa. Ile miche unayoikuta imejiotea chini ya miti baada ya ndege kudondosha mbegu ni ya namna hiyo. Kipande kilichokatwa kwenye shina, kwa upande mwingine, ni nakala ya shina hilo. Kinachukua kila kitu cha mama yake, wema na ubaya.

Tabia hii humsaidia mtafiti na pia humtega. Akipata shina moja bora, hahitaji vizazi vingi vya mbegu ili kulitulizanisha, kama wafanyavyo watu wa mahindi. Anakata vipande na kuvisambaza. Lakini shamba lote likiwa nakala za shina moja, ugonjwa unaoliweza moja unayaweza yote.

Kinachoua pilipili manga

Ugonjwa unaoogopwa kuliko yote kwenye zao hili ni kuoza kwa mizizi na shina la chini. Nchini India huitwa mnyauko wa haraka. Kinachousababisha ni kiumbe mdogo anayefanana na kuvu, jina lake la kitaalamu Phytophthora capsici. Alielezwa mara ya kwanza mwaka 1922 huko New Mexico, Marekani, kwenye pilipili za kawaida. Mbegu zake hazionekani kwa macho, nazo huogelea kwenye maji. Mvua kubwa, udongo unaotuamisha maji na matone yanayoruka kutoka ardhini hadi majani ya chini ndiyo njia zake.

Dalili zake ukizijua hutazisahau. Majani hupata madoa meusi ambayo kingo zake zimechanika chanika kama pindo la kanga kuukuu. Shina karibu na udongo hugeuka jeusi na kuwa laini. Majani yanadondoka, kisha matawi yanaachana kwenye vifundo, na ndani ya wiki chache shina lililokuwa limeufunika mti mzima linabaki vijiti.

Upande wa pili kuna mnyauko wa polepole, ambao mkulima anaweza kuuchukulia kuwa ni udongo kuchoka. Majani huanza kuwa ya njano, mmea hurudi nyuma wakati wa kiangazi, mvua zikija unachangamka kidogo, mwaka unaofuata unarudi nyuma zaidi. Chanzo ni minyoo ya kwenye mizizi, midogo kiasi cha kutoonekana kwa macho. Ipo ya aina mbili kuu. Moja ni minyoo fundo, ambayo huacha uvimbe kwenye mizizi. Nyingine huchimba ndani ya mizizi na kuifanya ioze, nayo ndiyo hiyo hiyo inayoangusha migomba ikiwa na mkungu. Mwenye migomba inayoanguka na mizizi iliyooza, afikirie mara mbili kabla ya kuchota udongo wa hapo kujazia mifuko ya miche ya pilipili.

Halafu kuna virusi. Shina lenye virusi linadumaa, majani yake ni madogo, yamejikunja na yana mabaka ya njano, vichala ni vifupi. Hakuna dawa ya kuliponya. Virusi hukaa ndani ya mmea wenyewe, kwa hiyo kila kipande utakachokata kutoka hapo kinakwenda nao. Wadudu weupe wanaofanana na unga uliomwagika kwenye vifundo pia huweza kuvihamisha kutoka shina hadi shina.

Panniyur, mahali chotara ya kwanza ilipozaliwa

Mwaka 1952 kilianzishwa kituo cha utafiti wa pilipili manga huko Panniyur, kaskazini mwa Kerala. Leo kiko chini ya Chuo Kikuu cha Kilimo cha Kerala. Watafiti hawakuanza na mikono mitupu. Wakulima wa jimbo hilo walikuwa na aina nyingi zenye majina yake, kama vile Karimunda, Kottanadan, Narayakodi na Balankotta, kila moja ikijulikana kwa sifa zake: hii huvumilia kivuli, ile ina punje nzito, nyingine huzaa mwaka huu na kupumzika mwaka ujao. Aina hizo zilichaguliwa na watu wasiojua neno chavua, kwa kuangalia tu shina lipi linafaa na kukata vipande vyake.

Panniyur walichukua aina iitwayo Uthirankotta, ambayo maua yake mengi ni ya kike, wakaifanya mama. Baba akawa Cheriyakaniyakadan. Kati ya watoto waliopatikana, mmoja aliwapita wazazi wote wawili kwa mbali. Akapewa jina Panniyur-1, na mwaka 1971 akatolewa rasmi kwa wakulima. Hiyo ndiyo chotara ya kwanza ya pilipili manga duniani. Vichala vyake ni virefu, punje ni kubwa, na takwimu za India zinaiwekea wastani wa zaidi ya kilo 1,200 za pilipili kavu kwa hekta.

Kazi ya kuchanganya mbegu hizo inafanyika hivi. Mtafiti huchagua kichala kichanga kabla chavua haijatoka. Kwa sindano nyembamba na kioo cha kukuzia, huondoa sehemu za kiume moja baada ya nyingine, kisha hukifunika kichala kwa mfuko ili chavua ya kando isiingie. Sehemu za kike zikiwa tayari, huchukua chavua ya baba aliyemkusudia, huichanganya na maji kidogo na kuipaka kwa brashi laini. Kwa kweli anafanya kazi ambayo mvua huifanya, isipokuwa yeye anachagua nani azae na nani.

Baada ya hapo ni kusubiri. Punje huiva baada ya miezi sita hadi minane. Lazima zioteshwe mapema, kwa kuwa zikikauka hupoteza uhai haraka. Huota baada ya mwezi hivi. Kila mche uliotokana na mbegu ni mtu mpya asiyejulikana, na itabidi ukue miaka kadhaa kabla haujaonyesha vichala vyake. Ile michache itakayovutia hukatwa vipande, vipande hupandwa sehemu mbalimbali, na hapo tena miaka mitatu au minne hupita kabla ya mavuno ya kwanza ya kulinganisha. Msimu mmoja hautoshi, kwa hiyo hupimwa misimu kadhaa. Ukijumlisha, si ajabu miaka 15 hadi 20 kupita tangu brashi iguse ua hadi mkulima ashike mche.

Si kila aina bora hupita njia hiyo ndefu. Huko Kozhikode, kwenye Taasisi ya Utafiti wa Viungo ya India, watafiti walikusanya mashina mengi ya ile Karimunda ya wakulima, wakayapanda pamoja na kuyapima. Ingawa yote yaliitwa Karimunda, hayakuzaa sawa. Mawili yaliyoongoza yakapewa majina Sreekara na Subhakara na kutolewa mwaka 1990. Hapo hakukuwa na brashi wala sindano, bali kuchagua, kupima na kukata vipande. Njia hii mkulima anaweza kuifuata.

Chotara inayopenda jua

Sifa za Panniyur-1 zikisikika, mtu anaweza kutamani aipate kesho. Lakini chotara hii ina sharti: inataka mwanga. Kwenye kivuli kizito mavuno yake hushuka vibaya, na wakulima wa Kerala wanaolima chini ya miti mikubwa walilijua hilo kwa gharama yao.

Sasa fikiria mashamba yetu. Pilipili manga yetu nyingi inapanda mifenesi, miembe, mikarafuu na miti ya msituni. Ni kilimo cha kivuli. Aina iliyoshinda kwenye shamba la wazi huenda ikashindwa na Karimunda ya kawaida chini ya mfenesi. Watafiti wa Panniyur wenyewe waliliona pengo hilo, na baadaye wakatoa Panniyur-5, inayovumilia kivuli. Kozhikode nao walitoa Girimunda kwa ajili ya maeneo ya miinuko. Kwa maoni yetu, mtu anayekuuzia mche kwa jina kubwa bila kukuuliza shamba lako lina kivuli kiasi gani na liko mwinuko gani, anauza jina.

Na kama anasema mche umetoka nje ya nchi, muulize kibali. Kuingiza mimea nchini Tanzania kunasimamiwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA, na sababu yake ndiyo ile tuliyoitaja: virusi na minyoo havionekani kwa macho, lakini husafiri ndani ya kipande cha mmea na udongo wake.

Kutafuta shina lisilokufa

Kuongeza mavuno kumefanikiwa kuliko kushinda magonjwa. Hili ni vyema lisemwe wazi.

Njia ya kawaida ya kutafuta ukinzani ni ngumu kidogo kuitazama. Watafiti huotesha miche mingi ya mbegu, halafu huiambukiza ugonjwa kwa makusudi. Karibu yote hufa. Michache inayobaki ndiyo hupelekwa shambani kuangaliwa kama inazaa pia, maana mche mgumu usiozaa haumsaidii mtu. Aina iitwayo Shakthi, iliyotoka kwa mbegu za aina ya wakulima inayoitwa Perambramundi, ni miongoni mwa zilizopatikana kwa kazi ya namna hii, nayo huvumilia Phytophthora. Nyingine, Thevam, ilichaguliwa kutoka aina ya wakulima Thevamundi. Kwa upande wa minyoo fundo ipo Pournami.

Zingatia neno linalotumika: huvumilia. Hakuna hata moja kati ya hizo yenye kinga kamili. Ukiipanda kwenye bonde linalotuama maji, nayo itaoza, pengine kwa kuchelewa tu.

Malaysia ilipitia njia kama hiyo. Katika jimbo la Sarawak, wakulima walitegemea aina moja, Kuching, inayozaa sana lakini inayoshambuliwa kirahisi na ugonjwa wa kuoza. Idara ya kilimo ya jimbo hilo ilichanganya Balankotta ya India na Kuching, kisha mtoto akachanganywa tena na Kuching ili arudishe uzazi wake. Matokeo yalikuwa Semongok Emas, iliyotolewa mwaka 1991, ambayo huvumilia zaidi.

Brazili ndiko kwenye funzo chungu zaidi. Mwaka 1933 wahamiaji wa Kijapani walipeleka vipande vichache vya pilipili manga kutoka Singapore hadi eneo la Tomé-Açu, katika jimbo la Pará. Vipande hivyo vilizaa mashamba makubwa, ya nakala zile zile. Wakati kuvu wa jamii ya Fusarium alipoingia, mashamba yalikufa moja baada ya jingine, hasa miaka ya 1960 na 1970. Wengi wa wakulima wale waliishia kuchanganya pilipili na kakao, matunda na miti ya mbao, ili zao moja likifa nyumba isife nalo.

Watafiti wamewahi pia kutafuta msaada kwa ndugu wa mbali. Kuna mmea wa porini wa Amerika ya Kusini uitwao Piper colubrinum, unaopenda sehemu zenye maji, ambao Phytophthora haiuwezi na minyoo hupata taabu nao. Wakulima wa India na Vietnam wamejaribu kubebesha pilipili manga juu ya mizizi yake, kama tunavyobebesha miembe na michungwa. Miaka ya mwanzo mambo huwa mazuri. Baadaye, mahali pengi, kiungo kati ya mimea hiyo miwili huanza kukataana na shina hudhoofika. Tena mizizi ya Piper colubrinum haivumilii ukame, kwa hiyo bila maji ya kumwagilia kiangazi ni hatari. Mwaka 2008 watafiti wa Kerala waliripoti kuwa wamefanikiwa kuichanganya mimea hii kwa njia ya maua, wakitumia Panniyur-1 kama mama. Mwaka 2019 wanasayansi, wengi wao wa China, walichapisha ramani ya vinasaba vyote vya pilipili manga, ambayo inaweza kuwasaidia wataalamu kutambua mche wenye ukinzani ukiwa bado mdogo badala ya kusubiri miaka. Hizo ni kazi za maabara, na matunda yake bado hayajafika kwenye kitalu cha kijiji.

Kinachowezekana shambani kwako

Turudi kwenye kuchagua, maana huko mkulima ana uwezo kuliko anavyodhani. Katika wilaya ya Idukki, Kerala, aina inayoitwa Thekken ilitoka kwa mkulima aliyeona msituni mmea wenye vichala vilivyotoa matawi, akaukata na kuutunza. Wewe huhitaji ajabu kama hiyo. Unahitaji mashina yako mwenyewe, mizani na daftari.

Anza kwa kuweka alama mashina kumi hivi ambayo unayaona mazuri. Yawe yamekwisha kukomaa, kati ya miaka mitano na 12. Tumia rangi au kitambaa, na kila shina lipe namba. Angalia vichala: ni virefu, vimejaa punje kutoka juu hadi chini? Angalia matawi ya pembeni: yamekaribiana, au kuna nafasi tupu kubwa kati yake? Shina lenye matawi yaliyokaribiana lina mahali pengi pa kuwekea vichala. Lolote lenye majani ya mabaka au lililodumaa liondoe kwenye orodha, hata kama mwaka huu limezaa vizuri.

Wakati wa kuvuna, pima kila shina peke yake. Chukua kilo moja ya punje mbichi za shina hilo, zikaushe peke yake, kisha uzipime tena. Kwa kawaida kilo tatu za mbichi hutoa kilo moja hivi ya kavu, lakini mashina hutofautiana. Mnunuzi analipia kavu. Fanya hivyo misimu mitatu. Utashangaa kuona lile shina unalolisifia kwa wageni limeshika nafasi ya nne.

Kuna mtego mmoja hapa, na ndio unaowasumbua hata wataalamu. Shina linaweza kuzaa sana kwa sababu ya mahali lilipo: karibu na zizi, kwenye udongo wenye rutuba, au upande unaopata mwanga. Ukilikata vipande, uzuri huo unabaki pale pale zizini. Njia ya kuutambua ni kupanda vipande vya mashina matatu manne bora pamoja, sehemu moja, chini ya miti inayofanana. Watoto watasema ukweli kuhusu mama zao. Usichague shina moja tu, hata kama limeyaacha mengine mbali. Sababu umeisoma kwenye habari za Tomé-Açu.

Vipi kuhusu shina lililobaki zima katikati ya mengine yaliyokufa? Ni la kuangaliwa kwa makini, lakini usikimbilie kulisambaza. Huenda lina ukinzani, huenda pia maji yenye ugonjwa hayakulifikia tu. Kata vipande sehemu ya juu, mbali na udongo, uvioteshe kitalu cha peke yake kwenye udongo safi, na uviangalie msimu mzima wa mvua kabla hujampa jirani. Ukiweza, mjulishe bwana shamba au bibi shamba wa eneo lako. Kwa walioko Tanga kuna kituo cha TARI Mlingano huko Muheza, na kwa Zanzibar kuna taasisi ya utafiti wa kilimo, ZARI, yenye makao Kizimbani. Watafiti wa Kerala hutafuta mashina ya namna hiyo hiyo.

Sehemu ya kukata nayo ina maana kubwa. Pilipili manga ina matawi ya aina tatu. Kuna shina linalopanda mti likiwa na mizizi ya kujishikiza. Kuna machipukizi marefu yanayotoka chini na kutambaa ardhini. Na kuna matawi ya pembeni, yale yanayobeba vichala. Ukikata tawi la pembeni, litaota na huenda hata likazaa mapema, lakini halitapanda mti. Litabaki kichaka kifupi cha kufaa kwenye chungu. Wengi wamelaumu aina ya mche wakati kosa lilikuwa la kisu.

Yale machipukizi ya chini ndiyo yanayotumika sana India. Lakini usiyaache yatambae kwenye udongo, yaviringishe na kuyafunga kwenye mambo karibu na shina, ili yasiote mizizi ardhini na kuokota magonjwa. Yakikomaa, ondoa ncha laini, na kata pingili zenye vifundo viwili au vitatu. Kata majani lakini acha kikonyo cha jani. Pingili ziingie kwenye mifuko yenye udongo mwepesi uliochanganywa na mbolea ya samadi iliyooza na mchanga, kifundo kimoja kikiwa chini ya udongo, kitaluni penye kivuli. Udongo uwe na unyevu bila kutuama maji. Kisu kifutwe kwa spiriti kila unapohama kutoka shina moja kwenda jingine.

Miche ikishapata majani manne au matano na mizizi ya kutosha, hupandwa mwanzoni mwa mvua, kama sentimita 30 kutoka kwenye mti wa kuegemea, mahali palipoinuka kidogo ili maji yasisimame shingoni. Kwenye kila mti gongomea kibao kidogo chenye namba ya shina mama, kwa rangi ya mafuta isiyofutika na mvua, na namba hiyo hiyo iandike kwenye daftari pamoja na tarehe. Mavuno ya kwanza ya kulinganisha yatakuja miaka mitatu au minne baadaye, na wakati huo hakuna atakayekumbuka kwa kichwa ni kipande kipi kilitoka wapi.